Mbuzi wa Dizeli

Eldoret,
Alhamisi, 10 Agosti 1989

Kwa Kaka yangu Aden,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, tumbo limeshazoea pilipili za Kihindi za Poona na mvua za huko hazijakuozeshea vitabu. Sisi huku tunaendelea vizuri kwa uwezo wa Mungu. Mama magoti yanamsumbua baridi ikizidi, na mwaka huu baridi imezidi kweli, kwa hiyo anavaa soksi zako za shule, zile za kijivu, mbili juu ya mbili, na hataki mtu aseme lolote. Shamsa amejifungua mtoto wa pili, msichana, na wamempa jina la bibi. Baba yuko vile vile, anaamka kabla ya adhana na kuzunguka uwanja mzima akigonga magurudumu ya malori kwa fimbo.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kisomali tunakiongea tu, hakuna aliyetufundisha kukiandika. Najua nina deni la barua zako tatu. Usidhani nilikosa stempu. Nilikosa namna ya kuanza, na hata sasa nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Kwa hiyo nitaanza mbali, nije taratibu, nawe univumilie.

Utakumbuka barua yako ya Novemba, ile uliyoeleza kwamba mji wa huko unakohoa mchana kutwa kwa moshi wa magari. Ulisema mwalimu wenu aliwafundisha kwamba moshi tunaouona ni sehemu ndogo tu ya shida. Dizeli ikiungua inatoa pia hewa ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo inakaa juu huko na kuifunika dunia kama blanketi, joto likiongezeka mwaka hadi mwaka. Halafu ukaniuliza, kama mtu anayeuliza saa, magari ya Baba yanatembea kilomita ngapi bila mzigo.

Nilikasirika, Aden. Nilisema moyoni, huyu amepelekwa kusomea uhandisi kwa jasho la malori hayo hayo, na sasa anatusuta kwa moshi wetu. Lakini swali lako halikuniacha. Nikafungua daftari la safari, nikahesabu mwezi mmoja, kisha miwili. Katika kila kilomita kumi, nne tulikuwa tunabeba upepo mtupu. Barabara ya Kaptagat ndiyo iliyonitia aibu zaidi. Lori moja lilipeleka mbolea na chakula cha ng'ombe kwa wakulima na kurudi tupu. La pili lilipanda tupu kwenda kuchukua mbao msituni. La tatu lilipanda tupu kufuata viazi. Yote matatu barabara ile ile, mara nyingine asubuhi ile ile, madereva wakipigiana honi za salamu.

Nilimpelekea Baba hesabu hiyo wakati wa chai ya alasiri. Adeer Nur alikuwepo, kama huyo baba yetu mdogo anavyokuwepo kila chai inapokuwepo, akacheka mpaka akamwaga. Akauliza watu watasema nini wakiona malori ya Farah yamelala uwanjani mchana. Alisema watasema nyumba imekwisha. Na wewe unaujua mji huu, msafirishaji heshima yake ni kelele zake. Baba hakucheka. Aliniuliza nitawezaje kuwafanya watu wa mbao, wa viazi na wa mbolea wakubaliane siku moja. Nikamwambia nimeshawafuata wote watatu na wamekubali Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Akasema nijaribu mpaka mvua kubwa ziishe.

Basi tangu Februari lori moja likawa linafanya kazi ya matatu. Linapanda na chakula cha ng'ombe na mbolea, linashuka na mbao chini na viazi juu. Baadaye nikamwomba fundi Kituyi arudishe pampu za dizeli mahali pake, maana madereva walikuwa wamezifungua zote ili magari yapate nguvu mlimani. Wao wanaona lori lisilotoa moshi mweusi ni mgonjwa. Ogola, yule wa njia ya Kisumu, alikuja ofisini na kuniambia mbele ya watu, "Madam, hii gari umeinyima pumzi, sasa unataka niisukume?" Siku mbili baadaye pampu yake ilikuwa imefunguliwa tena. Hakuna aliyejua ni nani aliyeifungua, bila shaka ni paka.

Ndipo nikawaza mbuzi. Nilijua amri haitafika popote kwa watu wale, lakini nyama itafika. Nikatangaza kwamba kila lori likirudi nitapima tangi mwenyewe kwa ufito uliotiwa alama, na kila dereva nitamlinganisha na nafsi yake ya mwezi uliopita, ili wa njia ndefu asilalamike. Atakayekuwa amepunguza dizeli zaidi, mwisho wa mwezi anachinjiwa mbuzi hapo uwanjani. Baba anachinja kwa mkono wake, wote wanakula, Muislamu na Mkristo, na mshindi anachagua paja la kupeleka nyumbani. Walimwita mbuzi wa dizeli. Mwezi wa kwanza walicheka. Mwezi wa pili pampu zilikuwa zimefungwa zenyewe, magurudumu yamejazwa upepo sawasawa, na Ogola alikuwa anawafokea wenzake kwa kuacha injini ikinguruma bure wakinywa chai. Mbuzi wa Aprili aliahirishwa hadi Idi, na siku hiyo palikuwa na sherehe kuliko kwenye harusi ya Shamsa.

Nikuambie ukweli, nilijisikia mtu. Kufikia Juni uwanja mzima ulikuwa unateketeza dizeli pungufu kwa theluthi moja kuliko mwaka jana, na hakuna mzigo hata mmoja uliochelewa. Baba alinisifu mbele ya watu msikitini, jambo ambalo hata wewe hajakufanyia. Wasafirishaji wawili walikuja kuuliza tunafanyaje. Adeer Nur peke yake ndiye aliyenuna, kwa sababu anakitaka kiti hiki cha ofisi kwa mwanawe, na amekuwa akisema wazi kwamba kiti cha ofisi ya malori si cha msichana, na kwamba siku moja kitatokea kitu.

Kitu kikatokea. Unamkumbuka Bethwel, mzee wa Kaptagat, aliyetufundisha kuendesha Jumapili hapo uwanjani, wewe ukikalia mto wa Mama ili uone mbele. Ndiye niliyempa lori la Kaptagat, maana ile barabara ni ya kwao na kila mtu anamjua. Ndiye aliyeshinda mbuzi wa Aprili, na wa Mei, na wa Juni. Wenzake walikuwa wakimwuliza atafungua bucha lini. Alicheka tu, akapakia paja lake na kumpelekea mkewe, Chelimo.

Jumamosi ya tarehe 29 Julai alikuwa anashuka na mbao na magunia arobaini ya viazi. Kwenye mteremko mrefu baada ya msitu, ule unaoishia darajani, breki zilikataa. Akajaribu kurudisha gia, gia ikakataa. Darajani kulikuwa na akina mama na watoto wanatoka sokoni, wamejaa njia nzima. Bethwel akalitoa lori barabarani na kuliingiza kwenye shamba la mahindi, likalala kwa ubavu. Alikuwa peke yake garini, na hakuna mwingine aliyeguswa, kwa hilo nashukuru Mungu kila nikisali. Yeye mguu wa kulia ulivunjika mara mbili, na mbavu. Watu walimtoa kwa shoka na kumbeba hadi hospitali ya misheni pale Plateau. Akina mama wale wale waliokota viazi na kuvirudisha karibu vyote.

Sasa unajua desturi yetu lori linapoanguka. Wazee watatu wa wasafirishaji wanakaa uwanjani kwa mwenye gari, Ijumaa baada ya sala, chai inaletwa, na wanauliza jambo moja tu: ni gari, ni njia, au ni mtu. Ikiwa ni gari au njia, mwenye mali anameza hasara na kumtunza dereva mpaka apone. Ikiwa ni mtu, dereva ananyang'anywa ufunguo, na jina lake linapelekwa kwa kila uwanja kuanzia hapa mpaka Kitale, na hakuna atakayempa gari tena. Bethwel ana miaka hamsini na mbili. Shamba lake ni dogo, watoto watatu wako shuleni, na tangu ujana wake hajafanya kazi nyingine. Akinyang'anywa ufunguo, nani atamwajiri, na mguu huo?

Kikao cha kwanza kilikuwa Ijumaa iliyopita. Kituyi alieleza, tena kwa huzuni, maana ni rafiki yake. Alisema breki zilikuwa nzima na alizikagua wiki hiyo hiyo. Lakini alipolifikia lori pale shambani alikuta kile kidude cha kuzimia injini kimevutwa mpaka mwisho. Maana yake Bethwel alikuwa ameutelemka mlima ule gia nje na injini imezimwa, ili asiteketeze dizeli hata tone. Na lori lile breki zake ni za upepo, nao upepo unapulizwa na injini. Injini ikilala, dereva ana upepo uliobaki tu kwenye tangi, akikanyaga mara kadhaa umekwisha. Wazee walitikisa vichwa. Adeer Nur akasema sasa mmeona kazi ya mbuzi.

Bethwel alikuwa ameleta ujumbe kutoka kitandani, kwa kinywa cha Chelimo. Chelimo alisimama pale mlangoni, hakukubali kukaa, akasema mumewe anawaomba radhi wazee, kwamba ni yeye aliyezima, hakutumwa na mtu, na Mzee Farah asimlaumu mwingine yeyote. Baba aliinamisha kichwa. Halafu mzee mmoja akanigeukia, kwa heshima kabisa, akaniuliza kama ofisi ilijua kwamba madereva wanazima injini mteremkoni. Nikajibu kwamba ofisi haikujua. Wakasema basi, hukumu itatolewa Ijumaa ijayo, yaani kesho.

Jumanne nilikwenda Plateau kumwona. Nilimpelekea maziwa na ndizi, na mguu wake umeninginizwa kwa kamba na mawe ya kuuvuta. Alifurahi kuniona kama mimi ndiye mgonjwa na yeye mgeni. Aliniuliza hali ya Mama, akaniuliza kama viazi vilimfikia mwenyewe, akaniuliza nani anapanda Kaptagat siku hizi, na kama nimemwonya juu ya ile kona ya baada ya kinu cha mbao. Nilijibu yote. Kisha mkewe alipotoka kwenda kuchota maji alinisogelea kidogo, kadiri mbavu zilivyomruhusu, akaniambia kwa sauti ya chini nisiwe na wasiwasi, hajamwambia mtu, hata Chelimo, kama nilivyomwagiza.

Aden, hapa ndipo karatasi mbili za kwanza zilipoishia.

Katikati ya Juni nilipanda na Bethwel kwenda kuona wakulima wanavyopokea mbolea. Tulipokuwa tunarudi, juu ya mteremko ule ule, alipunguza mwendo na kuniuliza kama mimi ni mwoga. Nikasema hapana. Akatoa gia, akavuta kile kidude, injini ikanyamaza. Sijui nikuelezeje. Lori la tani saba, na mbao zote zile nyuma, likateremka kimya kabisa. Nilisikia ndege msituni. Nilisikia harufu ya misonobari badala ya dizeli. Nikatazama kwenye kioo, nyuma yetu hakukuwa na moshi hata kidogo, barabara nyeupe tu, na nikacheka kwa furaha. Nilikukumbuka wewe na mwalimu wako. Nilisema, laiti angeona.

Bethwel alinieleza kwamba pale ndipo mbuzi wake wanapotoka, huo mlima na mwingine mmoja. Halafu akaniuliza rasmi, kama mfanyakazi anavyomwuliza mkubwa wake, ijapokuwa amenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Aliniuliza kama ofisi inakataza jambo hilo. Alisema yeye mwenyewe halipendi sana lori likiwa na mzigo mzito, na nikisema hapana ataacha siku hiyo hiyo. Tarakimu za Juni zilikuwa mapajani mwangu, nzuri sana. Wale wasafirishaji wawili walikuwa waje wiki ile kuzitazama, na Baba alikuwa ameshawaahidi. Nikamwambia aendelee tu, ila asiwaambie wengine.

Hayo ndiyo maneno yangu, sijapunguza. Asiwaambie wengine. Kwa hiyo nilijua kwamba si jambo zuri, maana jambo zuri ningelitangaza. Na mtu yule amelala na mguu wake juu, kesho ananyang'anywa ufunguo, na bado anatii amri ya msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika usukani. Wazee waliponiuliza nilisema ofisi haikujua, kana kwamba ofisi ni mtu mwingine, ana jina lake na kwao. Ofisi ni mimi. Hakuna mwingine humu ndani ila mimi na ule ufito.

Nimetafuta sababu za kunyamaza, na nimezipata nyingi. Nikisema, kiti kinaenda kwa mwana wa Adeer Nur, na huyo kijana wiki ya kwanza tu atarudisha malori matatu barabara ya Kaptagat, pampu zitafunguliwa, na mji mzima utasema mambo ya kupunguza moshi ni ujinga unaovunja watu miguu. Baba ataaibika mbele ya wazee aliojisifia kwao. Haya ni kweli yote, hata Mama nikimwambia atasema ni kweli. Lakini kila nikiyapanga, mwisho wake ni Bethwel anayelipa ili hesabu zangu zibaki nzuri. Malori kutokwenda tupu hakukuwa kosa, na kufunga pampu hakukuwa kosa, na hayo nitayatetea mbele ya yeyote. Kosa langu ni kwamba nilipima dizeli tu, na mtu aliponiuliza juu ya roho yake nikatazama tarakimu.

Kwa hiyo nimekata shauri. Kesho baada ya sala, kabla chai haijamiminwa, nitasimama na kuwaeleza wazee kama nilivyokueleza wewe. Ikiwa ni mtu, basi mtu mwenyewe ni mimi, na ufunguo wa kutolewa ni huu wa ofisi. Nataka sana kukuambia kwamba siogopi. Naogopa, Aden. Naogopa uso wa Baba kuliko kitu kingine. Ijumaa iliyopita pia niliingia pale nikiwa nimejiandaa kusema, na umeona hapo juu nilichosema.

Ndiyo maana naitia barua hii posta leo, kabla hawajafunga, nikiwa bado nina ujasiri wa mchana. Itakuchukua wiki mbili kuipata, na wakati huo mambo yatakuwa yamekwisha kwa namna moja au nyingine. Ukisikia kutoka nyumbani kwamba nimetolewa ofisini, usinionee huruma wala usimwandikie Baba kunitetea. Lakini ukisikia kwamba Bethwel amenyang'anywa ufunguo, nami bado nakaa kwenye kiti hiki na kupimia watu dizeli, basi usinijibu mimi. Chukua barua hii, mwandiko wangu na sahihi yangu, umtumie Baba.

Mama anakusalimu sana na anasema ule, usiwe unasoma tu. Shamsa na mumewe wanakusalimu, na watoto pia. Kituyi anauliza kama huko malori yanapakwa rangi za maua kweli au unatutania. Mungu akulinde, akufungulie mitihani yako, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako,
Khadija Farah